Stoki ipo 10, mteja anataka 9, programu inasema haitoshi!

Mleta uzi:
Wakuu habari za mida hii, nisaidieni kabla sijaitupa hii laptopu. Natengeneza kafomu ka kuagiza mzigo dukani, JavaScript tupu (lugha ya programu za kurasa za wavuti). Stoki naisoma kwenye data-stoki ya kitufe, idadi kwenye boksi la type="number", halafu:

`if (idadi == 0) kataa();`
`if (idadi > stoki) haitoshi();`

Mtu akitaka 5 na stoki ni 8 inapita freshi, akitaka 9 na stoki ni 10 inasema haitoshi. Jamaa mmoja akaniambia acha == tumia ===, nimebadilisha, sasa hata sifuri inapita!!

Jibu:
Mkuu hiyo type="number" imekudanganya, inachunga tu kinachoandikwa, .value (kilichomo kwenye boksi) inarudi stringi siku zote, yaani maandishi, si namba, na data-stoki nayo stringi. Sasa stringi mbili kwenye > hazigeuzwi namba, zinapangwa herufi kwa herufi kama kamusi, inakutana na 9 huku na 1 kule, 9 kubwa, kwisha habari, ile sifuri ya 10 haiangaliwi hata. Ya 5 na 8 ilipita kwa bahati. Weka console.log(typeof idadi) ikuoneshe aina yake, ujionee.

Jibu:
Aliyekwambia === hajakosea ila kakuacha njiani. == ilikuwa inaigeuza "0" kuwa namba kimyakimya ndo maana ilikataa, === haigeuzi kitu, "0" (stringi) na 0 (namba) ni aina mbili basi jibu ni false, yaani si sawa. Na > haina ndugu yake mkali kama === (usijaribu >>>, ipo ila kazi yake nyingine kabisa 😂). Geuza zote ziwe namba mlangoni kabla ya if yoyote:

`const stoki = Number(kitufe.dataset.stoki);`
`const idadi = Number(boksi.value);`

Mleta uzi:
Imekubali mkuu! Ila boksi likiachwa wazi inalichukulia kama 0, mi nataka ujumbe tofauti.

Jibu:
Ee, Number("") ni 0, hapo wengi tumepigwa. Tumia boksi.valueAsNumber, likiwa tupu unapata NaN (yaani "si namba"), halafu pima kwa Number.isNaN(idadi). Usije ukaandika idadi === NaN maana NaN hailingani hata na yenyewe.

Mleta uzi:
Dah. Kumbe ndo maana kwenye fomu ya madeni 50000 + 20000 ilimtoa mteja anadaiwa 5000020000, stringi zilibandikwa badala ya kujumlishwa, nikajua ni simu yake mbovu.