Kwa nini watu duniani wanatalii sana siku hizi, na sisi Nyanda za Juu Kusini tunakwama wapi?

MtuWaIsyesye ameandika:

Wakuu habari za jioni, naombeni tuelimishane kidogo. Mimi na mke wangu tuna nyumba ya wageni hapa Mbeya, sio hoteli, ni vyumba vichache vya kawaida na chai asubuhi. Wiki iliyopita alilala kijana wa Kijerumani katokea Malawi kupitia Kasumulu anaenda Dar, tukapiga stori mpaka usiku, akaniambia kwao hata fundi bomba au muuza duka anaenda nchi ya nje karibu kila mwaka, wala sio mambo ya matajiri. Ikanikaa kichwani hiyo.

Nikaingia mtandaoni kusoma, nikakuta takwimu za Umoja wa Mataifa kwamba mwaka 1950 safari za wageni waliovuka mipaka kwenda kutembea nchi zingine zilikuwa milioni 25 tu dunia nzima, mwaka 2019 zikafika karibu bilioni moja na nusu. Hilo ongezeko ni kama mara 60 jamani, na watu wenyewe duniani kwa kipindi hicho wameongezeka kama mara tatu hivi. Sasa swali langu, ni nini hasa kilitokea? Na la pili ndilo linaloniuma, huku tuna Ziwa Ngosi, tuna hifadhi ya maua ya Kitulo, Kimondo cha Mbozi, ufukwe wa Matema, hifadhi ya Ruaha ipo hapo Iringa, mbona hao wageni karibu wote wanaishia Arusha na Zanzibar? Naomba majibu ya kueleweka maana nataka kujua kama niongeze vyumba au nitafute biashara nyingine.

KonaZaKitonga amejibu:

Mkuu mleta mada, namba moja ni ndege, hapo hata tusizunguke. Zamani mtu wa Ulaya akitaka kwenda Marekani anapanda meli siku tano au zaidi, na kuja huku Afrika Mashariki ilikuwa ni wiki kadhaa baharini, sasa nani mwenye kazi ya kuajiriwa ana huo muda? Mwaka 1958 Boeing 707 ikaanza kuvuka Atlantiki kwa saa chache, halafu Januari 1970 ikaingia 747 inayobeba zaidi ya watu 350 kwa mkupuo. Ukishakuwa na viti vingi hivyo lazima uvijaze, na huwezi kuvijaza kwa matajiri peke yao kwa hiyo nauli inashuka. Hata sisi tulikuwa na East African Airways na ndege zake za VC10 zinatoka London mpaka Nairobi miaka ya 60, watalii wa kawaida wakaanza kuonekana.

Baadaye serikali nazo zikaacha kuwapangia mashirika nauli na njia za kuruka, Marekani walianza mwaka 1978 na Ulaya wakafuata miaka ya 90, ndipo hizi kampuni za bei chee zikachipuka kama easyJet iliyoanza 1995. Huko kwao siku ukibahatisha nauli ya ndege kwenda nchi jirani inaweza kuwa ndogo kuliko ya basi.

Kwetu angalia tu, uwanja wa Songwe ulianza kufanya kazi 2012 na umesaidia sana, mimi mwenyewe nakumbuka shida ya safari ya Dar kwa basi, unalala kwenye kiti. Ila mgeni wa nje bado lazima ashukie Dar abadilishe ndege, wakati KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, upo tangu 1971 na ndege za kutoka Ulaya zinashuka pale pale mlangoni kwa Kilimanjaro, na Zanzibar ni hivyo hivyo. Hiyo tofauti ya kubadilisha ndege msiidharau. Mtu ana siku kumi za likizo, ukimla mbili njiani kwenda na mbili kurudi anaona bora aende kwingine.

MzeeWaUyole amejibu:

Vijana wangu nawasalimu. Kijana wa Kitonga umesema vizuri ila umeanzia katikati. Ndege hata iwe bure, mtu asiye na likizo hapandi. Mimi nimefundisha jiografia na historia miaka mingi mpaka nimestaafu, na hili jambo huwa linarukwa.

Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma nchi nzima, viwanda vikasimama, wakapata sheria ya wiki mbili za likizo huku mshahara unalipwa. Majira yale ya joto familia za wafanyakazi wa viwandani zikapanda treni kwenda pwani, wengine kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 1938. Vita vikaja vikasimamisha kila kitu, lakini baada ya vita mishahara ikapanda mwaka hadi mwaka, watu wakanunua magari, na likizo zikaongezwa mpaka leo Mfaransa ana wiki tano kisheria. Hapo ndipo soko la utalii lilipozaliwa, kwa mfanyakazi wa kawaida kupata pesa kidogo inayobaki na siku ambazo bosi hawezi kumdai. Ndege ilikuta watu tayari wanasubiri.

Na amani. Msisahau amani na milango kufunguliwa. Wengine humu hamkuwepo, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka wetu na Kenya ulifungwa mpaka 1983, na watalii wetu wengi wakati ule walikuwa wanaingilia Nairobi. Waliofikia Kenya wakaishia Kenya, hoteli zetu za kaskazini zikakaa wazi. Utalii uliochukua miaka kuujenga ulipotea ghafla kwa sababu ya geti moja. Corona nayo mmeiona wenyewe, mwaka 2020 dunia nzima ilirudi kwenye safari kama milioni 400, na sisi tukatoka milioni moja na nusu hadi laki sita na ushee. Sasa hivi tumevuka milioni mbili, mwaka 2024.

Kijana wa Isyesye, kwetu hapa sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Ni nyingi kuliko nchi nyingi. Lakini mwalimu, nesi, askari wa Mbeya akipata likizo anakwenda kijijini kulima au msibani. Siwalaumu, nami nilifanya hivyo. Ila hao ni watu wenye likizo inayolipwa, wapo hapa hapa, na hakuna anayewauzia chochote.

DadaWaGangilonge amejibu:

Shikamoo mzee, hapo mwisho umenigusa kabisa. Mimi naongoza wageni hapa Iringa, nawapeleka Isimila, Kalenga na Ruaha, kwa hiyo naongea kwa ninachokiona kila siku.

Naongeza moja ambalo hamjaligusa, mtu kuondolewa hofu. Kusafiri kwenda usikokujua kunatisha, unalala wapi, unakula nini, ukidhulumiwa unamlilia nani. Thomas Cook mwaka 1841 huko Uingereza alikusanya watu kama 500 akawapakia kwenye treni kwa shilingi moja moja kwenda na kurudi, kila kitu kimepangwa, wao kazi yao kukaa tu. Mwaka 1950 Vladimir Raitz pale London akakodi ndege akapeleka watu kisiwa cha Corsica, nauli na chakula na hema la kulala vyote ndani ya bei moja. Hicho ndicho kilichofungua mlango kwa watu wasio na uzoefu, unalipa mara moja unajua mwisho wa gharama ni huo. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na simu, mtu yupo Berlin anaona picha za chumba chako, anasoma waliolala kabla yake wamesemaje, analipia. Hata viza yetu tangu mwishoni mwa 2018 anaomba mtandaoni.

Sasa njoo huku kwetu. Mgeni akitaka Serengeti anapata bei kamili ndani ya dakika kumi. Akitaka Ruaha, ambayo ina kama kilomita za mraba 20,000, simba wamejaa, mbwa mwitu wapo, na magari ni machache hadi unaweza kukaa na kundi la tembo mtoni asubuhi nzima bila gari lingine kutokea, anaanza kuuliza. Gari la kutoka Iringa bei gani? Inategemea. Barabara ikoje? Inategemea, kipande kikubwa ni vumbi miaka yote na mvua ikinyesha ni habari nyingine. Nani atanipokea stendi? Kimya. Mtu wa Ulaya akikutana na "inategemea" tatu mfululizo anafunga ukurasa, nimewapoteza wengi namna hiyo na inauma maana najua wangepapenda.

Na vitu vyenye stori tunavyo. Wajerumani wakifika Kalenga wakaona fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ukiwaambia kwamba lilitajwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 na likarudi nyumbani 1954, wanakaa kimya muda mrefu halafu maswali yanaanza hayaishi. Hawakuja kwa ajili hiyo lakini ndiyo wanayoondoka nayo.

TundumaMpakani amejibu:

Mimi naona wote mnaangalia upande mmoja tu, mtalii mzungu aliyeshuka kwenye ndege. Hebu rudini kwenye hiyo bilioni moja na nusu, kama nusu yake walikuwa wanaingia nchi za Ulaya, na wengi wao ni Wazungu hao hao wanatembeleana, Mjerumani anaenda Austria na gari lake, Mwingereza anaenda Hispania wiki moja anarudi. Utalii wa dunia kwa sehemu kubwa ni watu kwenda kwa jirani!! Halafu hesabu ya UN inamhesabu yeyote aliyelala nchi nyingine hata usiku mmoja kama hakuja kuajiriwa, awe amekuja kwa biashara, kusali, kutibiwa, au kusalimia ndugu.

Sasa mimi niko Tunduma, mpakani na Zambia, kila siku naona Wazambia, Wakongo wa Lubumbashi, Wamalawi wanapita Kasumulu, wanakuja kufuata mzigo, wana hela taslimu, wanalala gesti, wanakula, wanangoja gari lijae siku mbili tatu hawana la kufanya. Kimondo cha Mbozi tani kama 16 kipo pale Ndolezi karibu na barabara kuu ya kuja Mbeya, wanapishana nacho miaka yote hakuna aliyewaambia. Kitaifa hata kwenye orodha ya wageni wetu Wakenya na Warundi wanakuwa juu kabisa wanasimama na Wamarekani, na hao hawakuja na ndege za Ulaya.

Kwa hiyo kaka wa Isyesye ukisubiri ndege ya kutoka Frankfurt itue Songwe utasubiri sana, wateja wako wanapita mbele ya geti lako na basi.

MtuWaIsyesye ameandika:

Asanteni sana wote, shikamoo mzee wangu wa Uyole. Kwa kweli nimeanza kuona picha tofauti, nilidhani ni swala la vivutio na matangazo tu, kumbe watu kwanza walipata likizo na hela, halafu nauli ikashuka, halafu mtu akahakikishiwa safari yake, na wengi wanaenda karibu sio mbali.

Dada wa Gangilonge naomba nikuulize moja kwa moja. Mimi nafikiria Ngosi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Tukuyu sio mbali, unaacha lami, unapanda msituni kwenye mianzi na matope, pale mwisho mlima unasimama kabisa unashika mizizi, halafu ghafla unatokea ukingoni lile ziwa lipo chini huko kijani kibichi, na kama ukungu umeshuka hulioni kabisa mpaka upepo upige. Mtu wa Lusaka au mwalimu wa hapa Mbeya naweza kumuuzia hiyo namna gani? Na Kitulo je, maua yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili na ndio mvua zenyewe.

DadaWaGangilonge amejibu:

Kaka uza siku nzima kwa bei moja. Usiuze chumba. Andika bei ya mtu mmoja, ya watu wanne na ya kumi, ndani yake iwe gari kwenda na kurudi, kiingilio, kijana wa kijijini wa kuongoza, buti za kukodi kwa wasio nazo (hizi ni muhimu mno, watu wanakuja na raba nyeupe wanaishia kukasirika), na chakula wakirudi, ndizi na nyama au samaki wa Nyasa. Waambie mapema kabisa kwamba ukungu upo, waanze safari alfajiri, na kama siku hiyo ni mbaya mnahamia Daraja la Mungu na Kijungu kule mto Kiwira bila kuongeza hela. Mtu akijua ukungu ukishuka mna pa kwenda anatoa pesa yake kwa amani.

Kitulo usiikimbie kwa sababu ya mvua. Ndiyo hifadhi ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, mwaka 2005, ina okidi aina zaidi ya 40, na ukija na Mzambia mwambie zile chikanda anazokula kwao zinatokana na mizizi ya okidi na kule zilikuwa zinachimbwa kwa magunia kupelekwa kwao, uone atakavyosikiliza. Ila tafuta gari lenye uwezo, sio Noah, na usipeleke watu siku imenyesha usiku kucha.

Kwa walimu anza na shule moja, ongea na mkuu wa shule kabla ya likizo ya Juni, wachangie kidogo kidogo kila mwezi kama wanavyochangia harusi. Na hao wa Tunduma andika karatasi yenye bei kwa Kiswahili na Kibemba, mpe huyo kaka wa mpakani abandike kwenye gesti wanazolala.

TundumaMpakani amejibu:

Nitumie hata kesho nabandika, Kibemba nitakusaidia mimi mwenyewe, mke wangu katokea Kasama. Weka na bei kwa kwacha, kama ni shilingi tu atadhani unataka kumpiga kwenye kubadilisha.