Nimetolewa kichwa cha kongosho, wiki ya saba sasa: naomba ushauri wa walionitangulia

Mshono_Mrefu

Habari za humu ndani wakuu. Nina miaka 46. Wiki saba zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa Whipple. Wametoa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wa nyongo, kisha wakaunganisha upya vilivyobaki. Sababu ni kivimbe chenye majimaji, ile aina inayotoa ute ndani ya mrija wa kongosho. Kilionekana kwa bahati tu, nilikuwa nimepigwa picha ya tumbo kwa ajili ya mawe ya figo.

Niliambiwa nitalala siku kumi, nikalala 19, maana pale kongosho ilipounganishwa palivuja. Nikarudi nyumbani na mpira wa kutoa majimaji ubavuni na mfuko wake. Kila asubuhi mke wangu alikuwa anapima majimaji, anaandika kwenye daftari: kiasi, rangi, saa. Mpira umeshatolewa na mshono umekauka.

Majibu ya kipimo cha nyama waliyoitoa: si saratani. Ila chembe zilikuwa zimebadilika kwa kiwango cha juu, zimebakiza hatua moja ziwe saratani. Ukingo walipokata uko safi. Nyumba nzima ilishangilia, na mimi nikashangilia. Ndipo dokta akaongeza kwamba kongosho iliyobaki nayo inaweza kuota kivimbe kingine, kwa hiyo nitapigwa picha ya MRI kila miezi sita. Nikamuuliza mpaka lini, akasema mpaka afya yako isiruhusu tena upasuaji.

Sasa jamani, mimi ni mgonjwa au nimepona? Watu wakiniuliza nababaika. Naamka saa nane usiku, najipapasa tumbo. Chakula nakiogopa: vijiko vitano nimeshiba, na nikienda chooni kinaelea, kina mafuta, kinanuka hadi naona aibu. Navuta maji mara tatu. Nimepungua kilo 11. Vidonge vya vimeng'enya ninavyo, nameza nikishamaliza kula kama dawa nyingine.

Kongosho_Nusu

Pole sana mkuu. Kwanza hilo neno "walionitangulia" limenishtua, wengine bado tupo duniani, huu ni mwaka wangu wa sita.

Tuanze na choo maana huko kuna jibu la haraka. Vidonge vyako unavimeza kwa saa isiyo yake. Hiyo si dawa ya kutwa mara tatu baada ya chakula. Kazi yake ni kusaga chakula, sasa vitasagaje kilichokwisha kupita? Kapsuli ya kwanza iende na tonge la kwanza. Mlo ukiwa mrefu, nyingine katikati. Usiitafune, usiishushie na kinywaji cha moto. Hata glasi ya maziwa inataka kapsuli yake.

Halafu angalia dozi. Dokta wangu alinianzishia yuniti 50,000 za lipase (kimeng'enya kinachosaga mafuta) kwa mlo kamili na nusu yake kwa kitafunwa, akanifundisha kupandisha kwa kutazama choo. Wengi tunaokutana kliniki walianzia chini mno, wakaishi hivyo miezi wakidhani ndio upasuaji wenyewe. Muulize wako, umweleze choo kilivyo bila kuona haya. Kikiacha kuelea, mmepatia.

Kosa jingine, na nililifanya mimi: niliogopa mafuta nikayaacha kabisa, nikakonda zaidi. Usiyaache, ongezewa vimeng'enya. Na kula kidogo kidogo mara sita kwa siku, usishindane na sahani kubwa.

Kuhusu kuulizwa, mimi najibu hivi: "Nilipasuliwa, naendelea vizuri, bado naangaliwa." Anayetaka zaidi ya hapo huwa anatafuta habari.

Mtoto_wa_Mwisho

Nimeweka kambi hapa. Baba anaingia theatre wiki ijayo.

Mama_Subira

Pole kaka yangu. Mimi si mgonjwa, ni mke wa mgonjwa, mwaka wa nne.

Kwetu kila MRI ilipokaribia, wiki mbili kabla nyumba ilibadilika. Mume wangu alimfokea mtoto kwa ajili ya mlango ulioachwa wazi, mtu ambaye hajawahi kufoka. Kliniki kila mara aliuliza swali moja, "Dokta, nimepona?", na kila mara akajibiwa "mpaka sasa hakuna kitu kibaya." Ile "mpaka sasa" tulirudi nayo nyumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku moja nikauliza mimi. Nikasema, mnatafuta nini hasa kwenye hizo picha, na mkikiona mtafanya nini? Dokta akachukua karatasi akachora. Akatuonyesha mrija mkuu wa kongosho: wanaangalia kama umepanuka. Wanaangalia kama kuna kivimbe kipya, kama kinakua haraka, kama ndani yake kuna kinundu. Akasema vingi vilivyo vidogo huishia kuangaliwa tu, havikatwi. Na akataja ni hali gani ingemfanya afikirie kupasua tena. Mume wangu alilala usiku ule. Hofu anayo bado, ila sasa anajua anaogopa nini, na mtoto anaacha mlango wazi anavyotaka.

Jingine: ombeni miadi ya majibu iwe karibu na siku ya kipimo. Na ripoti ikija kwenye simu usiku, usiifungue peke yako.

Na huyo mwenye daftari, umeshamuuliza kama yeye analala?

Mganga_Tiba01

Acheni kuteseka. Nina mizizi inayootesha kongosho upya ndani ya siku 40. Njoo PM.

Kongosho_Nusu

Kongosho iliyokatwa haioti, ndugu. Mshono_Mrefu, usiende huko, hujui hiyo mizizi italifanya nini ini lako. Moderator, fagia hapa.

Nesi_wa_Zamu

Nimechelewa kuuona uzi, nilikuwa kazini. Nakazia ya Kongosho_Nusu, na naongeza mambo ambayo hayasubiri kliniki: homa yenye kutetemeka, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, kinyesi cheusi au chenye damu, kutapika kila unachoweka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Homa na kutetemeka hata baada ya miezi mingi, usiite mafua. Baada ya Whipple bakteria wa utumbo hupanda kirahisi kwenye mirija ya nyongo. Siku hiyohiyo nenda hospitali.

Omba wakupime sukari mara kwa mara. Kisukari cha kongosho iliyokatwa kina tabia yake: insulini hupungua, lakini na glukagoni, ile inayopandisha sukari, hupungua pia. Kwa anayetumia insulini, sukari inaweza kushuka ghafla. Pia vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta, kwa hiyo kama umekuwa ukipoteza mafuta chooni, huenda nazo zimepungua.

Mtoto_wa_Mwisho, nunua mto mdogo mgumu. Baba akikohoa au kucheka aukumbatie tumboni. Na kama atakatwa mkia wa kongosho pamoja na wengu, ulizeni chanjo sasa hivi kabla hajaingia.

Mshono_Mrefu

Nimerudi wakuu, siku tano baadaye. Nimempigia dokta, dozi imepandishwa, na kapsuli sasa inakaa pembeni ya kijiko, siwezi kuisahau. Vijiko vimefika tisa. Leo asubuhi nimevuta maji mara moja tu, nikasimama pale chooni natabasamu peke yangu kama kichaa.

Swali la Mama_Subira nimeliandika nyuma ya lile daftari, litaulizwa siku ya MRI.

Na lile lingine nilimuuliza mke wangu jana. Kumbe saa nane yuko macho kila siku. Ananisikia nikijipapasa, anajifanya amelala ili nisijue naye anaogopa.