Naomba ushauri: mafunzo ya kuhudumia majeruhi wa ajali, nianzie wapi?

Nesi_wa_Barabarani
Habari za jioni wakuu. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Morogoro–Iringa. Usiku zamu tuko wawili tu, mimi na tabibu.

Mwezi uliopita tuliletewa kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori. Paja limevunjika, mfupa uko nje. Sote tukalikimbilia lile paja, mmoja anafunga bandeji, mwingine anatafuta mshipa wa dripu. Ndugu yake aliyesimama mlangoni ndiye aliyeuliza, "Sista, mbona anakoroma hivyo?" Damu na ulimi vilikuwa vimeziba koo. Tukamsogeza taya mbele, tukanyonya ile damu, akavuta pumzi. Rufaa alifika akiwa hai, ila ule mkoromo nausikia mpaka leo.

Nina akiba ya laki nne. Watu wananitajia ATLS, ile kozi ya kimataifa ya kuhudumia majeruhi. Inanifaa?

Tabibu_Mstaafu
Pole sana binti yangu, na hongereni, mlimrudisha.

ATLS ilizaliwa na msiba. Mwaka 1976 daktari James Styner alianguka na ndege yake Nebraska, Marekani. Mkewe akafariki, watoto wakaumia vibaya, na hospitali walikofikishwa haikuwa na utaratibu wa kuwahudumia. Ni kozi nzuri, ila imelenga madaktari na gharama yake ni kubwa. Wewe tafuta kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura ya Shirika la Afya Duniani. Ilitoka 2018, huchukua siku tano, na imetungwa kwa ajili ya vituo vyenye vifaa haba kama chenu.

Utafundishwa mpangilio mmoja usiobadilika: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha unamvua nguo na kumkagua mwili mzima. Damu ikiwa inaruka, mmoja aikandamize hapo hapo huku mwenzake akiwa kichwani kwa mgonjwa. Nyie mlikuwa wawili, ila wote mkawa mguuni.

Mama_Dharura
Naongezea kwa alichosema mzee. Usiende peke yako! Ukirudi na cheti halafu mwenzako wa zamu hajui unachofanya, mtagongana tena. Mwombe mfawidhi mwende hata wawili.

Mkisubiri kozi, fanyeni mazoezi ya kufunga nyonga kwa shuka, kwa ajili ya majeruhi aliyevunjika nyonga. Wengi huifunga kiunoni, haisaidii. Ipite usawa wa ile mifupa inayochomoza pembeni, juu ya mapaja. Na kama mna tranexamic acid, dawa ya kupunguza kuvuja damu, majeruhi anayevuja damu nyingi apewe gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa muda wa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie. Zikipita saa 3, usimpe.

Nesi_wa_Barabarani
Asanteni sana, mzee na mama. Jumatatu naingia kwa mfawidhi. Shuka tumeshaikunja, iko juu ya kabati la dawa, na mlinzi amekubali kulala kitandani leo usiku tumfunge nyonga.