Naomba ushauri: nitajuaje nani aliishi nyumba ipi Bibury?

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada kwa mnaojua kupekua nyaraka za kale za Uingereza.

Naandika kwa Kiswahili historia fupi ya Bibury, kijiji kidogo kando ya mto Coln, Gloucestershire. Kinachonivuta ni Arlington Row, ule mstari wa nyumba za mawe zilizoanza kama ghala la sufu karne ya 14, kisha karne ya 17 zikageuzwa makazi ya wafumaji. Vitambaa vyao vilianikwa kwenye kiwanja chenye majimaji mbele ya nyumba, ambacho hadi leo kinaitwa Rack Isle. Watalii wanapiga picha kuta. Mimi nawataka watu waliolala mle ndani.

Nimepitia sensa kuanzia ya 1841. Majina yapo, kazi zao zipo, lakini nyumba hazina namba, na umri wa watu wazima mwaka ule ulishushwa hadi tano ya karibu, kwa hiyo wa miaka 39 anasomeka 35. Madaftari ya kanisa nayo yana ubatizo, ndoa na maziko, ila hayasemi mtu alikaa nyumba ipi.

Maswali yangu ni haya: kuna njia ya kuoanisha familia na nyumba yake kwa kufuata mpangilio wa karani wa sensa? Na kwa kipindi cha kabla ya 1841, nianze na madaftari ya kodi ya mwenye ardhi au wosia za wafumaji?

Natanguliza shukrani.