Mama anatumia wafarini, kapewa Flagyl na diklofenaki za jino, sasa fizi zinatoka damu

Mwana wa Bi Mkubwa:
Wakuu salaam. Mama yangu ana valvu ya chuma kwenye moyo, ile ya upande wa kushoto kati ya vyumba viwili. Anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, na kliniki walimwambia INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda; namba ikipanda, inachelewa zaidi) isishuke chini ya 2.5 wala isizidi 3.5. Wiki iliyopita jino lilimshika, akaenda duka la dawa mtaani, akapewa Flagyl (antibiotiki) na diklofenaki ya maumivu. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, naye hakusema. Tangu juzi akipiga mswaki povu linatoka jekundu, na mkono umevilia damu mahali ambapo hakumbuki kujigonga. Dada anasema aache wafarini mpaka jino ling'olewe. Mimi nasita. Naombeni ushauri.

Mzee wa Kaunta:
Pole mkuu. Mimi nauza dawa, na mchanganyiko huo ndio hutolewa kwa kila mwenye jino bila kuuliza, inaudhi. Flagyl inalizuia ini lisiivunje wafarini, kwa hiyo kidonge kilekile cha kila siku kinafanya kazi kama kimeongezwa. Diklofenaki ina njia yake: inadhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha, na kuchubua tumbo, kwa hiyo mtu anaweza kuvuja damu hata INR ikiwa sawa. Hiyo asimeze tena. Kwa maumivu ni parasetamo, nayo kwa siku chache tu, maana dozi kamili ya siku nyingi huipandisha INR pia.

Mpeleke akapime INR LEO, na abebe vidonge vyote pamoja na daftari lake la kliniki. Wafarini asijiachishe mwenyewe. Bila dawa, damu inaganda kwenye ile valvu, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo ni kiharusi. Kuruka dozi anaamua daktari akishaona namba.

Kijana wa Pwani:
Kwani asihamie rivaroxaban, ile dawa mpya ya kuzuia damu isigande? Mjomba anatumia, hapimi INR wala nini.

Mzee wa Kaunta:
Mjomba wako sidhani kama ana valvu ya chuma. Dabigatran, ya kundi hilohilo la dawa mpya, ilijaribiwa kwa wenye valvu hizo na utafiti ukasimamishwa. Matokeo yalitoka 2013. Mabonge yalizidi na kuvuja damu kulizidi kuliko kwa wafarini. Mama abaki alipo.

Mama Ubani:
Mpikie matembele na mchicha kwa wingi mwanangu, damu itakaza.

Nesi wa Zamu:
Dada Ubani, hapana. Mboga hizo zina vitamini K, ambayo ndiyo wafarini inapambana nayo. Ukimjazia sahani ghafla, wiki ijayo INR inaporomoka. Ale kiasi alichozoea, asiache wala asizidishe.

Mleta mada, akipata choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kichwa kikimpasuka ghafla au akianguka na kugonga kichwa, ni dharura hata kama ni saa nane usiku. Na sindano za matakoni za maumivu azikatae, huacha uvimbe wa damu.

Jino lenyewe lisiwatishe. INR ikiwa ndani ya kiwango, jino moja mara nyingi hung'olewa bila kuacha wafarini: kidonda kinashonwa, anang'ata shashi, wengine hupewa dawa ya kusukutua ya asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu ikatike. Muhimu daktari wa meno ajue mapema.

Mwana wa Bi Mkubwa:
Mrejesho: INR imesoma 4.8. Daktari kasema dozi ya leo asimeze, Flagyl na diklofenaki zimesitishwa, arudi kupima keshokutwa. Jino litasubiri. Dada kanyamaza, ila sasa anauliza chai ya tangawizi.

Nesi wa Zamu:
Kikombe chake cha asubuhi anywe. Vile vidonge vya tangawizi na kitunguu saumu vinavyotembezwa kwenye mabasi ndivyo asiguse kabla ya kuwauliza kliniki.