Naombeni ushauri, boksi la shiti (bati la chuma) linazidi kipimo nikikunja

KundeMbichi: Wakuu habari za jioni. Nina kakarakana kadogo nyumbani Kimara, jiliwa moja, engo mbili (vyuma vya kona vya kubania shiti) na nyundo, mteja kaniagiza maboksi ya betri za sola, kitako milimita 300 kwa nje na kuta 50. Nikajumlisha 50 na 300 na 50 nikakata 400, mistari nimechora vizuri kabisa, nikikunja kitako kinatoka 303 na nusu, mfuniko niliotangulia kuutengeneza umegoma kupanda. Shiti ni ya 1.5. Nakosea wapi? Siku ya pili hii silali.

BabuRanda: Ndo maana mie nilibaki kwenye mbao, ikizidi unapitisha randa. Nikiwa Keko niliwahi kukata mlango wa kabati ukawa mfupi, nikamwambia mwenye kabati ndo fasheni ya sasa, akarudi kuagiza lingine.

MamaTatu: Mnakula advansi kabla hamjajua kazi. VETA Chang'ombe ipo palepale.

KundeMbichi: Dada advansi imeshaenda, nisaidieni kwanza.

Toroli: Mkuu, kwenye kona nje kunavutika na ndani kunabanwa, huwezi kujumlisha vipimo vya nje kama bili ya chipsi. Kwa nyuzi 90 chukua unene mara 0.42, jumlisha rediasi ya ndani ya kona, zidisha kwa 1.57. Shiti ya 1.5 yenye rediasi 1.5, kona inakula 3.35 wakati wewe umeihesabia 6 (unene na rediasi, yani 3, kila upande wa kona), yani inazidi 2.65. Kitako kingetoka 302.65. Hiyo yako ya 3.5 ni ya shiti ya milimita 2. Chukua kalipa upime unene halafu urudi.

KundeMbichi: Sawa ni ya 2. Nilipata mabaki Gerezani bei poa, na ikiwa nene si ndo imara zaidi? Mteja hawezi kupima unene.

Toroli: Umeshakata mangapi?

KundeMbichi: Yote 12. Ila nimekunja moja tu!! Nikipunguza 3.5 kila upande si inakaa?

MamaTatu: Nilijua tu.

Toroli: Inakaa, ubaki na 393, ila mstari wa kukunjia nao uhamishe uwe 48.2 kutoka ukingo mpya. Na usiniamini mimi, kona ya engo yako siijui. Kata ukanda wa 100, kunja katikati, pima pande zote mbili kwa nje ujumlishe, kinachozidi 100 ndo cha kupunguza kila kona.

Kijiweni: Mnapigwa changa la macho. Shiti ya 2, sentimita 30, kwa jiliwa na nyundo, tena Kimara na mwenye nyumba hajamtoa? Huyu kapewa asaimenti chuoni anakusanya kesho.

KundeMbichi: Asaimenti gani mkuu nina miaka 41! Nimefunga bomba la mita moja na nusu kwenye engo nalivuta kama mkono wa pampu. Na mwenye nyumba ni mama yangu mzazi.

BabuRanda: Basi anayekosa usingizi ni bi mkubwa.

Toroli: Ukanda je?

KundeMbichi: Nimekunja sasa hivi, 51.9 na 51.7. Ngoja, mama anagonga mlango.