MREJESHO: Kufundisha watoto piano

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza nianzeje kufundisha watoto piano mmoja mmoja, nawashukuru sana mliojibu. Nimefuata ule ushauri wa kulipwa mwezi mzima kabla na kipindi cha dakika 30 kwa wadogo, hapo pametulia kabisa, mzazi akishalipa mtoto hakosi kosi ovyo. Kigoda cha miguu nacho kimesaidia mno maana miguu ikining'inia mtoto anakaa kajikunja. Kilichogoma ni kuweka ndugu wawili kipindi kimoja, aisee wanagombania kubonyeza tu, nimewatenganisha. Na wale wenye kinanda cha vitufe 61 nyumbani kwa kuanzia wanaenda vizuri, ila kupiga kwa upole na kwa nguvu bado, hilo sijalipatia dawa.